Blanketi la Kurasa 20: Kushona Hadithi za Utotoni Ziwe Urithi wa Familia

Vitabu vyetu viliungua tarehe 17 Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, mpaka ziwani. Havikuwa vingi. Kulikuwa na kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, cha Kifaransa, kilichopita mikononi mwa watoto watano hadi jalada likabaki nyuzi tupu. Kulikuwa na kitabu chembamba cha Sungura na Fisi, na kingine kikubwa cha hadithi za Biblia chenye picha, ambacho hukukigusa kabla ya kunawa mikono. Mama alitoka nyumbani na mtoto mgongoni, sufuria mkononi na blanketi kichwani. Usiku wa 22 Mei 2021 mlima ulipopasuka tena, nilisimama mlangoni nikatazama watu wakipita kuelekea mji wa Sake: magodoro, mabeseni, mablanketi. Vitabu sikuona.

Basi nikashona vitabu vyetu ndani ya blanketi. Lilinichukua miezi saba, jioni kwa jioni, na nilikosea mara nyingi. Hapa nimeandika njia nzima, pamoja na makosa, ili nawe ukitaka kushona la kwenu usirudie yangu. Ni blanketi la viraka la matabaka matatu: juu kuna picha za vitambaa, katikati kitu cha joto, chini kitambaa kizima, na yote matatu yameshikana kwa mishono inayopenya. Watu wa pwani wana neno mfarishi kwa vitu vya namna hii. Sisi nyumbani tunaliita kitabu tu, na kila mraba wake tunauita ukurasa.

Anza na mzigo

Wengi huanza kwa kuchagua rangi. Mimi nasema anza na mgongo wako: litabebwaje siku ya kukimbia? Blanketi la kitanda cha watu wawili ni zuri kwa macho, ila likilowa mvua mtu mmoja halibebi. Langu lina upana wa sentimita 125 na urefu wa sentimita 155. Linamfunika mtoto mzima na mtu mzima hadi magotini, na kwenye mizani ya muuza unga lilifika kilo 1 na kidogo. Ukilikunja mara nne na kulifunga kwa kitenge mgongoni, linakaa kama mtoto wa miezi mitatu, na mikono yako inabaki huru.

Hesabu yake ni hii: kurasa 20, yaani 4 kwa upana na 5 kwa urefu, kila moja sentimita 25 kwa 25. Kati ya kurasa, na kuzunguka zote, kuna mikanda ya sentimita 5. Ukijumlisha upana unapata kurasa 4 (100) na mikanda 5 (25), jumla 125. Urefu ni kurasa 5 (125) na mikanda 6 (30), jumla 155. Kama familia yenu ni ndogo, punguza kurasa, lakini usipunguze ukubwa wa ukurasa. Chini ya sentimita 25 picha inageuka kazi ya sonara.

Kukusanya kurasa

Hatua hii haihitaji sindano, na ndiyo iliyonipa shida kuliko zote. Nilidhani nitakaa na ndugu zangu jioni moja, tutaje hadithi 20, tumalize. Tulipokaa, kila mmoja akaanza kusimulia hadithi nzima kutoka mwanzo, na saa nne usiku tulikuwa na kurasa mbili na ugomvi mmoja.

Kesho yake nikabadili swali. Badala ya kuuliza “unakumbuka kitabu gani?”, nikauliza “ukifunga macho, unaona nini?” Hapo mambo yakafunguka. Yaya, yaani mkubwa wetu, akasema anaona mkia wa Fisi umenaswa mlangoni. Kaka akasema mvua ya Nuhu, kwa sababu mchoraji aliichora kama kamba za kijivu. Mdogo wetu, ambaye wakati ule hakujua hata kusoma, hakumbuki shujaa wala mnyama: anakumbuka doa la mawese kwenye ukurasa wa kitabu cha darasa la kwanza, kubwa kama kiganja, lililofanya karatasi ionyeshe upande wa pili. Doa hilo sasa ni ukurasa wa 9 wa blanketi letu, kipande cha kitenge cha rangi ya chungwa kisicho na umbo lolote, na wageni wote huuliza ni nini.

Kanuni tuliyofikia: ukurasa mmoja, mtu mmoja, kitu kimoja. Usijaribu kushona hadithi nzima ndani ya mraba. Masikio mawili marefu nyuma ya kichuguu yanatosha kumleta Sungura na ujanja wake wote. Na wazazi wasiachwe nje. Mama alipoombwa ukurasa wake hakutaja kitabu. Alitaja koroboi aliyokuwa akiishika karibu na kitabu huku sisi tukimwambia asogeze. Koroboi ikawa ukurasa wa kwanza.

Chukua daftari. Kwa kila ukurasa andika namba, jina la aliyekumbuka, na sentensi mbili au tatu kwa maneno yake mwenyewe, hata kama amechanganya Kiswahili na Kifaransa. Usisafishe lugha yake. Sababu yangu ni mwanamke mmoja wa Marekani, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mablanketi yake mawili ya hadithi, nyingi zikiwa za Biblia, yamesalia hadi leo, na aliyashona kwa njia hii hii ya kushonea vipande vya nguo vyenye umbo la watu na wanyama juu ya kitambaa kingine. La kwanza alilishona mwaka 1886 hivi, shida ikamlazimu kuliuza kwa dola 5, lakini kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi kila picha, na mnunuzi akaandika. Leo liko katika makumbusho ya Smithsonian, na linasomeka kwa sababu ya maelezo yale. Bila maandishi, wajukuu wangu wataona doa la chungwa na kudhani bibi aliishiwa kitambaa.

Jambo moja kuhusu michoro. Usifuatishe picha ya kitabu mstari kwa mstari, hata kama umekipata kingine sokoni. Picha ina mwenyewe, na ukija kuuza kazi yako utapata maneno. Lakini hata kwa blanketi la nyumbani, picha iliyofuatishwa hutoka baridi. Chora ulichokiona ukiwa na miaka sita. Fisi wetu ni mkubwa kuliko nyumba.

Vitambaa

Kwa mikanda, pindo na mgongo wa blanketi (kile kitambaa cha chini), kitenge kimoja kizima cha yadi 6 kinatosha kabisa. Kinauzwa kikiwa na sehemu tatu za yadi 2, kila moja sentimita 183 kwa takribani 115. Sehemu moja ni ya mikanda na pindo, mbili ni za mgongo. Chagua chapa ndogondogo na rangi nzito, kwa sababu mikanda ndiyo inayoshikwa na kuchafuka. Kama mama au Koko (bibi) ana kitenge alichokiweka kwenye valizi tangu ndoa ya mtu fulani, mwombe hicho. Akikataa, usisisitize.

Geuza kitenge utazame upande wa pili. Waksi ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, ina rangi karibu sawa pande zote mbili, kwani rangi imepenya. Kile cha kuchapwa upande mmoja mgongo wake umefifia, na baada ya kufuliwa mara kadhaa uso nao hufuata. Halafu chomoa nyuzi chache pembeni uziunguze kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Ikijikunja, ikayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, hiyo ina plastiki. Usiichanganye na pamba katika ukurasa mmoja: pasi inayonyoosha pamba itaiharibu.

Kwa ardhi ya kurasa, yaani kitambaa kinachobeba picha, unahitaji pamba ya rangi moja, nyeupe iliyopoa au ya maziwa, mita moja na nusu. Mimi nilitumia shuka la mitumba kutoka soko la Virunga, zito, la hospitali au hoteli ya mbali huko, lililofuliwa mpaka likalainika. Shuka la namna hiyo lina faida kuliko jipya, kwa kuwa limeshanywea linavyotaka kunywea. Lipandishe kwenye mwanga kwanza. Sehemu iliyokonda katikati usiikate.

Picha zenyewe zitoke kwenye masalio. Pita kwa mafundi wa barazani mtaa wa Birere, hapa Goma, jioni wanapofagia, uombe vipande. Wengi watakupa bure, wengine watataka pesa ya soda. Na uliza nyumbani: shati la shule, gauni la ubatizo, mkono wa koti la baba. Kipande kikubwa kama kiganja kinatosha kuwa mwili wa Sungura.

Katikati usitafute sufi maalumu ya kushonea, utapoteza muda. Nunua blanketi jepesi la manyoya mafupi la mitumba, lile laini ambalo halitoi nyuzi, la angalau sentimita 140 kwa 170. Haliviringiki ndani hata likifuliwa, halihitaji mishono mingi ya kulishika, na usiku wa Goma, mita 1,500 juu ya bahari, unajua mwenyewe.

Kisha fua kila kitu kabla ya kukata. Kila kitu, hata kipande cha ukubwa wa kidole. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani na kitanywea. Rangi nayo lazima uipime: loweka kipande ndani ya maji ya vuguvugu yenye sabuni, kibanie na kitambaa cheupe kwa dakika 30, utazame. Nilipuuza jambo hili kwa kitenge kimoja chekundu, kofia ya mchungaji, nusu sentimita tu ya rangi. Nilipolifua blanketi mara ya kwanza, kofia ilimlilia mchungaji mpaka miguuni. Utaambiwa utie chumvi au siki ili rangi ikae. Nilitia vyote viwili, na haikukaa. Kitambaa kinachotoa rangi fua mara tatu nne, na kikiendelea kitoe kwenye kazi.

Kukata

Mshono wangu unaacha sentimita 1 kila upande. Wazoefu hutumia nusu ya hapo, lakini kitenge hufumuka, na wewe na mimi hatushindani na mtu. Kwa hiyo ukurasa wa 25 unakatwa 27 kwa 27, na mkanda wa 5 unakatwa upana wa 7.

Kata shuka lako miraba 20 ya 27 kwa 27. Kwenye upana wa 115 inaingia minne, kwa hiyo safu tano zinakula sentimita 135. Fuata uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari, mraba utavutika na kupinda.

Kitenge cha mikanda kikate kwa urefu wake. Mikanda 6 ya 7 kwa 117 italala kati ya safu, juu na chini. Mikanda 2 ya 7 kwa 157 ni ya ubavuni. Vipande 15 vifupi vya 7 kwa 27 vitatenganisha kurasa ndani ya safu. Toa pia mikanda 4 ya upana wa 6 kwa urefu wote wa kitenge. Hiyo ni ya pindo. Yote inaingia kwenye sehemu moja ya yadi 2, na inabaki kidogo. Nilirudia hesabu hii mara tatu kwa sababu sikuamini. Andika kwa penseli juu ya kila rundo ni la nini, maana kuna siku umeme utakatika na mtoto atapita.

Kuchora na kushonea picha

Hapa ndipo utakaa miezi. Ukurasa mmoja ulinichukua jioni tatu hadi sita. Usiwe na haraka, na usianze na picha unayoipenda zaidi. Ianze ya nne au ya tano, mkono ukishapata moto.

Chora kwenye karatasi ya ukubwa wa 25 kwa 25 kwa kipande cha mkaa au kalamu nene. Kalamu nyembamba inakushawishi uweke kope za macho. Acha sentimita 3 tupu kila upande. Kisha hesabu vipande: kama ni zaidi ya sita, futa. Nuhu alikuwa na ndevu, joho, fimbo, njiwa, safina na dirisha. Akabaki na safina na kamba za mvua, na ndivyo kaka alivyomkumbuka. Vipe vipande namba kutoka kilicho nyuma kabisa hadi kilicho mbele, kwani cha nyuma ndicho kinachoshonwa kwanza na ukingo wake hufichwa chini ya mwenzake.

Hamishia kila kipande kwenye karatasi ngumu ya boksi la biskuti na ukate sawasawa na mstari. Laza karatasi hiyo kwenye upande wa nyuma wa kitambaa, ikiwa imepinduliwa uso chini. Soma tena hapo: imepinduliwa. Ukiiweka uso juu, picha itatoka kinyume. Fisi wangu anakimbia kuelekea kwenye hatari kwa sababu hiyo, na yaya hajanisamehe. Kwa herufi ni mbaya zaidi. Nilifumua neno zima.

Kata kitambaa ukiacha nusu sentimita kuzunguka karatasi. Panapoingia ndani, kama shingoni, kata vijichanja vidogo visivyofika kwenye karatasi. Panapotoka nje, kama tumboni, usichanje; pitisha uzi wa kukimbia pembezoni, uuvute, kitambaa kijikunje chenyewe.

Sasa wanga. Chemsha kijiko cha chai cha wanga wa muhogo katika kikombe cha maji mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa, uchuje. Upake kwa kidole kwenye ile nusu sentimita, ukunje juu ya karatasi, upige pasi. Ukikauka, ukingo unakuwa mkali kama wa bahasha. Toa karatasi, itatumika tena. Kwa pasi ya makaa weka kitambaa chepesi juu ya kazi, kwa sababu cheche moja hutoboa ukurasa wa siku nne. Kazi ikiisha, wanga wote utoke kwa kufua. Mende wanaupenda.

Panga vipande kwenye ukurasa, vipigie bandi, yaani mishono ya muda, kwa uzi wa rangi ya kuonekana, halafu shona kwa mkono. Uzi uwe wa rangi ya kipande cha juu, si ya ardhi. Sindano itoke chini ikipenya mkunjo wa ukingo tu, irudi chini hapo hapo pembeni mwake, itembee milimita 3, itoke tena. Uzi wa urefu wa mkono mmoja unatosha. Mrefu zaidi hujifunga mafundo. Vaa subana. Mimi nilikataa wiki ya kwanza, na kidole kikanifundisha.

Neno juu ya uchaguzi wa vitenge vya picha. Acha chapa ifanye kazi. Madoa ya kitenge yakawa madoa ya Fisi bila mshono wa ziada. Kitenge chenye miduara ndani ya miduara, ukikata mahali panapofaa, kinakupa jicho la mamba tayari. Nilizunguka na karatasi yenye tundu la umbo la ndege, nikiiweka juu ya kila kitenge nyumbani hadi mbawa zikajitokeza. Sura za watu sikuzishona kabisa. Mtu akiwa hana macho wala mdomo, kila mtoto anaweka sura ya mtu anayemjua.

Vitu vyembamba, kama kamba za mvua au moshi wa koroboi, tarizi kwa nyuzi za pamba. Zinauzwa zikiwa nyuzi ndogo 6 pamoja, tenganisha 3. Mshono wa mnyororo unafaa kwa mistari minene, na fundo moja lililobanwa linafaa kwa jicho la mnyama. Na kama kuna mwandiko wa kuhifadhi, mathalani Koko aliandika jina lake ndani ya kitabu au barua, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu, ufuatishe kwa penseli. Kisha tarizi juu ya mstari. Kwa kitambaa cheusi penseli haionekani. Tumia kipande cha sabuni kilichokauka na kuchongoka, kama mafundi wanavyofanya.

Kuunganisha

Tandaza kurasa zote kitandani, zisogeze kwa siku mbili tatu kabla ya kuamua. Tenganisha nyekundu na nyekundu. Weka picha nzito chini. Piga picha kwa simu, maana paka hataheshimu mpango wako.

Shona safu kwanza: ukurasa, mkanda mfupi, ukurasa, hadi kurasa 4 na mikanda mifupi 3. Safu itoke na urefu wa 117. Ikiwa 116 au 118, usikate; rudi utafute mshono uliokula zaidi. Pinda mishono kuelekea upande wa mkanda, na pasi iwekwe na kuinuliwa bila kuburutwa. Kisha unganisha safu kwa mikanda ya 117, malizia na ile miwili ya ubavuni. Mashini ya miguu inatosha, mshono wa milimita 2.5. Kama huna mashini, fundi atamaliza hatua hii kwa siku moja, ila mweleze sentimita 1 na ukae naye. Wangu alitaka kumnyooshea Fisi mguu.

Matabaka matatu

Mgongo wa blanketi uwe sentimita 145 kwa 175. Kwa kuwa kitenge kina 115 tu, chukua sehemu moja nzima na uiongezee ukanda wa sentimita 35 kutoka ya pili.

Sasa unahitaji sakafu safi. Nyumba yetu ni ya mbao, na vumbi jeusi la lava linapanda kati ya mbao hata ufagie vipi, kwa hiyo tulikopa meza mbili ndefu. Tandaza mgongo uso chini, uvute usiwe na mkunjo, ubandike pembe kwa utepe wa gundi. Juu yake weka blanketi la manyoya, halafu kurasa uso juu. Anza katikati kabisa, piga bandi ndefu kuelekea pembe nne, kisha mistari ya kila sentimita 10 kwenda na kurudi. Inachosha magoti. Usiruke, kwa maana kila mkunjo wa mgongo utakaoonekana mwakani umezaliwa hapa.

Mishono ya kudumu ni rahisi baada ya hapo. Shona kwa mkono kuzunguka kila picha, nusu sentimita kutoka ukingoni, kisha pande zote za mikanda. Fundo la mwanzo livute liingie ndani ya tabaka la katikati lisionekane. Nafasi kati ya mstari na mstari isizidi sentimita 12 hivi. Ukichoka, au mkono ukiuma, funga mafundo mawili mawili ya uzi imara kila sentimita 10, ukate ncha. Hayana aibu, na yanadumu.

Pindo

Nyoa kingo zote zilingane. Unga ile mikanda ya upana wa 6 iwe mmoja wa karibu mita 7, uukunje katikati kwa urefu uwe 3. Ushone mbele ya blanketi, kingo mbichi zikilingana, ukiacha sentimita 1. Ukifika sentimita 1 kabla ya pembe, simama, toa sindano. Kunja mkanda kwenda juu upate mshazari, urudishe chini juu yake mwenyewe, uendelee upande wa pili. Ukiisha zunguka, pindulia nyuma na ushone kwa mkono kwa mishono iliyofichika. Mzunguko ni mita 5 na sentimita 60. Ni kazi ya jioni nne na redio.

Mfuko wa nyuma

Kwenye kona ya mgongo shona mfuko wa ukubwa wa daftari, wenye kifuniko na vifungo viwili. Humo ndimo linakaa daftari la kurasa, lililofungwa ndani ya sashe ya plastiki. Juu ya mfuko tarizi majina ya waliokumbuka, mji na mwaka. Usitumie kalamu, hata ile inayosemwa haifutiki. Jua na sabuni vitaifuta. Acha nafasi chini ya majina. Mpwa wangu wa miaka minane tayari anadai ukurasa, na nimemwambia utashonwa mgongoni, karibu na mfuko.

Kulitumia na kulihifadhi

Kwetu linatumika. Mtoto mwenye homa hulala nalo, na msomaji wa usiku hulikalia. Fua mara chache, kwa mkono, ndani ya beseni kubwa, maji baridi na sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha. Epuka maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lililochakaa. Moshi wa mlima hutia asidi kwenye mvua na kula mabati, na doa la kutu kwenye shuka jeupe halitoki. Usilikamue kwa kulisokota: likandamize na taulo, ulianike kivulini likiwa limelala juu ya kamba tatu au nne, kwa sababu likining'inia kwenye kamba moja uzito wa maji huvuta mishono.

Usilifungie ndani ya plastiki, litapata ukungu, hasa kwa ndugu zetu wa Bukavu na mvua zao. Lifunge kwa shuka la pamba. Kila miezi mitatu likunjue ulikunje kwa njia nyingine, mikunjo isikate vitambaa mahali pale pale. Letu halikai kabatini. Liko kwenye kigoda karibu na mlango, limefungwa kwa kitenge chenye ncha mbili ndefu, tayari kwa mgongo.